Mwani wa Baba Bushira

Useni wa Baraka, mji ulio kando ya ziwa, ni fundi wa nyavu, na ni mtu mwema. Afadhali hilo lisemwe mapema, maana katika habari hii wema wake utajificha mahali pengi. Nyumba yake iko chini ya soko, unaposhuka kuelekea ziwa, na utaijua kwa nyavu zilizotandazwa juu ya uzio wa matete kama nguo za kuanikwa. Yeye mwenyewe si mvuvi. Chombo kikianza tu kutikisika, tumbo lake linageuka. Lakini wavu ukichanwa na mawe, wenye boti wanamletea, naye anakaa chini, anaukamata kwa kidole kikubwa cha mguu, anashona kwa sindano yake ya mbao, polepole, bila maneno mengi, mpaka huwezi tena kuona palipokuwa tundu.

Ugonjwa wake ni wivu. Mtaa mzima unajua. Fundi wa cherehani alipotaka kumpima mke wake kwa ajili ya nguo ya Idi, Useni aliomba ile kamba ya kupimia, akapima mwenyewe, fundi amegeukia ukuta. Na pale imamu aliposifu pilau ya Maulidi, Useni alirudi nyumbani akiuliza imamu amejuaje kwamba sufuria ile ilikuwa ya Yasmina. Watu wanacheka, naye anacheka nao. Lakini angalia macho yake wakati anacheka, utaona hayamo katika kicheko.

Mke wake Yasmina, ambaye majirani wanamwita Mama Bushira, aliumwa magoti tangu wakati wa ukimbizi. Kule ng'ambo ya ziwa, kambini, alibeba maji na kuni kwa njia ndefu. Waliporudi Baraka, alikaa miaka kwenye mchanga wenye umande, akichagua ndagala, wale dagaa wa ziwa, asubuhi kabla jua halijatoka. Magoti yakavimba. Yakawa na joto, kama mtu ameficha kaa ndani yake, na akiamka yalikuwa hayakunjuki mpaka ayabembeleze. Kwa hiyo kila jioni, magharibi ikishaswaliwa, Useni alipasha maji, akamimina mawese kidogo kwenye kiganja, akakaa juu ya kigoda mbele ya mke wake na kuyakanda. Vidole vyake vimezoea kutafuta fundo dogo ndani ya wavu mkubwa, na hata ndani ya goti vilijua kutafuta. Yasmina alifumba macho. Walizungumza habari za siku, au hawakuzungumza. Hiyo ilikuwa saa yao, na Useni hakuwahi kumwambia mtu kwamba kutwa nzima aliingojea.

Sasa, Yasmina ana muzala wake anayeitwa Jafari, mtoto wa mjomba. Kwa watu wa huku muzala si ndugu wa kawaida. Ni mtani, tena ni yule ambaye angeweza kukuoa. Ana haki ya kukuita bibi yake, yaani mke wake, mbele ya mume wako. Anafunua sufuria yako bila kukaribishwa. Na mume akikasirika, mwenye kosa ni mume, naye anaweza kutozwa faini. Useni alijua desturi hiyo tangu utoto, na kwa bamuzala wake mwenyewe aliifurahia sana. Kwa Jafari ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Jafari ana boti yenye injini. Jafari anakwenda Kigoma na kurudi kama mtu anayekwenda uani. Na kambini, siku zile ambazo Useni alikuwa anazunguka mbali akitafuta namna ya kupeleka posa, Jafari alikuwa tayari anakula ugali nyumbani kwao Yasmina.

Siku moja Jafari alitua na mkebe chini ya kwapa.

"Hodi kwa bibi yangu," akasema mlangoni. "Na ule mulinzi wangu wa nyumba, iko?"

"Iko," Useni akajibu bila kuinua kichwa. "Anashona."

"Shona, baba, shona. Mi nakuya kuona magoti ya bibi yangu."

Yasmina alicheka kutoka ndani. "Jafari, weye haubadilikake. Umeleta kitu, ao umeleta mudomo tu?"

"Nimeleta mudomo na mwani."

"Mwani njo nini?"

Jafari akafungua mkebe. Ndani mlikuwa unga wa rangi ya udongo mkavu, unaonuka kitu ambacho hakuna aliyekijua pale. "Ni majani ya bahari. Kule Zanzibar bamama banailima ndani ya maji, banaifunga ku kamba, banaivuna, banaanika. Batu banaikula. Mutu mumoja wa duka ya dawa, Kigoma, aliniambia iko na bitu ndani yake binapunguza uvimbe. Mama mukubwa wetu wa Ujiji anatiaka kijiko mu uji. Sasa anaswali bila kushika kiti."

"Inanuka samaki iliyooza," akasema Useni.

"Na weye unanuka nyavu, na bibi yangu anakuvumilia."

Yasmina alicheka mpaka akashika mlango. Useni naye akacheka, kwa sababu desturi inataka hivyo, na sindano ikamchoma kidole.

Haikuwa muujiza wa siku moja. Yasmina alitia kijiko kidogo kwenye uji wa asubuhi, na wiki za kwanza alilalamikia tu ladha. Halafu siku moja alikwenda msikitini kwa miguu. Siku nyingine alichuchumaa kupuliza moto, akainuka bila kuita mtu. Ni kweli pia kwamba wakati huohuo alikuwa anameza vidonge vya kituo cha afya, na kwamba jirani yao Marie, mjane Mkatoliki mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya ziwa, alikuwa amemwambia aache kukaa kwenye mchanga wenye umande, achague ndagala juani. Lakini nani atasifu jua? Yasmina alisifu mwani. Kila aliyempita alimwambia mwani, na kila alipotaja mwani alitaja Jafari, kama vile yale majani yalizaliwa na jina hilo.

Jioni moja Useni alikuja na bakuli lake la mawese, maji yamepashwa, kigoda kimewekwa.

"Leo acha, Baba Bushira," Yasmina akasema kwa upole. "Hayaumi. Na weye pumzika."

Alibaki amesimama na lile bakuli, hajui aliweke wapi. Mafuta yalianza kuganda pembeni. Kesho yake ikawa vilevile. Baada ya siku kadhaa hakupasha tena maji, na saa ile ikawa saa kama nyingine, ya kusikiliza redio ya Marie kupitia uzio.

Wanaume wengi wameona wivu juu ya mwanamume mwingine, jambo hilo linaeleweka. Useni alifika mbali zaidi: aliona wivu juu ya kijiko. Asubuhi aliangalia uji ukichemka, aliangalia mke wake akipuliza kikombe kwa midomo iliyokazwa, akameza, akashusha pumzi, na ilikuwa kama anaangalia jambo ambalo mume hapaswi kuliona.

Marie hakumsaidia. "Baba Bushira," alimwita kutoka upande wake wa uzio, "siku hizi ile mikono yako inafanyaka kazi gani magharibi?"

"Inashona."

"Inashona nini mu giza?"

Wanawake wawili wakacheka, na mmoja wao alikuwa Yasmina.

Wakati huo binti yao Bushira, aliyeolewa Swima, kijiji kingine cha kando ya ziwa, alikuwa na mimba ya kwanza, imefika mwisho. Kwa desturi yao, mtoto wa kwanza akizaliwa, mama wa binti ndiye anayekwenda kukaa naye arobaini, anamkanda tumbo kwa maji ya moto, anamwogesha mtoto, anamfundisha kunyonyesha. Yasmina alikuwa amekwisha kukata tamaa ya safari hiyo. Kwa magoti yale angekwenda kuuguzwa, si kuuguza. Sasa alikuwa ameshona tayari nguo ndogo, amekunja vitenge. Hakukuwa na jambo lingine duniani alilolitaka kama hilo.

Useni alipeleka nyavu Swima kwa pikipiki, akapita kumwona binti yake. Bushira alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha.

"Baba, mama atakuya kweli?"

"Atakuya."

"Maana mama-mukwe alishasema, kama mama hakuya, njo yeye atanikanda. Baba, ule mama iko na mikono sawa mawe."

"Nimesema atakuya."

"Basi akuye na boti ya mujomba Jafari. Inapitaka hapa. Atakaa vizuri mbele, hatachoka."

Useni akasema ndiyo, akaaga. Alishuka mpaka ziwani, akakaa juu ya mwamba. Alimwona mke wake amekaa vizuri mbele. Alimwona Jafari nyuma, ameshika injini, anasema maneno yake, na Yasmina anageuka kucheka, na magoti yake, yale magoti ambayo yeye Useni aliyakanda miaka yote hii, yanakunjuka bila shida kwa nguvu ya dawa ya mtu mwingine.

Alipotazama chini aliona majani. Kwenye miamba ya Swima, pale maji yanapocheza, kuna majani ya kijani marefu, laini kama nywele, yanalala na kuinuka na wimbi. Tangu utoto ameyaona. Leo aliyaona upya.

Bahari ni nini, alijiuliza. Wazee waliofika Zanzibar walisema ni ziwa kama hili, isipokuwa halina ng'ambo, na maji yake yana chumvi. Basi jani la maji ni jani la maji. Hapa limekosa kitu kimoja tu, chumvi. Na chumvi si inauzwa sokoni, ile nyeupe ya Uvinza, kwa magunia? Mtu wa Bibokoboko, aliyekulia na ng'ombe juu ya mlima, asingeweza kukosea hivyo, maana hajidai kujua maji. Kosa lile lilihitaji mtu aliyezaliwa kando ya ziwa.

Akavua viatu, akaingia, akang'oa mpaka mfuko ukajaa.

Nyumbani aliyaloweka ndani ya ndoo katika kibanda cha nyavu, kwa chumvi nyingi, kwa sababu aliogopa kupunja bahari. Aliyaanika juu ya wavu mkuukuu, akayatwanga, akayachekecha. Unga ulitoka wa kijani kidogo kuliko ule wa Jafari, akachanganya na majani makavu ya chai mpaka rangi zikakaribiana. Halafu, Yasmina alipokuwa sokoni, alimimina mwani wa Jafari ndani ya mfuko wa plastiki, akauficha katikati ya nyavu, na mkebe akaujaza wa kwake.

Hakuona kwamba amefanya ubaya. Alijiambia kwamba dawa ni ileile, amebadilisha tu mkono unaoitoa.

"Leo mwani iko na chumvi mingi," Yasmina alisema asubuhi.

"Bahari ni bahari," akajibu Useni.

Siku zile chache alikuwa na furaha kama bwana harusi. Alikaa karibu na mke wake anapokunywa. "Magoti je?" Yako vizuri. Na jioni, "Magoti je?" Yako vizuri, Baba Bushira, juu ya nini unaniuliza kila saa? Alijibana asimwambie. Alipanga kwamba atamwambia siku anapokwenda Swima, kwenye boti au popote, mbele ya Jafari ikiwezekana: hayo magoti unayotembelea ni ya mumeo.

Ndipo tumbo la Yasmina likaanza kusokota. Halafu asubuhi moja pete ya mguuni ilimbana. Nyayo zikajaa, kiatu kikakataa, na nyuma yake yakaja magoti, yamevimba na yenye joto kama zamani. Useni alishtuka, na katika kushtuka kwake akafikiri kwamba dawa haikutosha. Akamwambia mke wake aongeze kijiko. Alimkorogea mwenyewe. Jioni alileta bakuli la mawese, akakaa kwenye kigoda, akagusa goti.

"Acha," akasema Yasmina, machozi yanamtoka. "Acha, inauma."

Kwa hiyo hata hicho hakukipata.

Kituo cha afya walikwenda kwa pikipiki, Yasmina katikati, Useni nyuma amemshika. Muganga Dorothée, mwanamke wa makamo anayesema taratibu, alimpima damu, akapima tena. Halafu alibonyeza mguu kwa kidole gumba, akaondoa. Kishimo kikabaki kwenye ngozi kama katika ugali mbichi.

"Mama Bushira, nani anakulisha chumvi?"

"Nakulaka chumvi sawa batu bote, dokta."

"Hapana. Hii si ya batu bote. Presha imepanda, na maji yamejaa mu miguu. Unakunywa kitu gani kingine?"

Yasmina akataja mwani. Dorothée hakucheka wala hakukemea. Aliwaeleza, na Useni alisikiliza akiangalia sakafu. Alisema mwani si uongo. Wachunguzi wamekuta ndani yake, zaidi katika ule wa rangi ya kahawia, vitu vya asili, kama ute wake, vinavyotuliza uvimbe. Panya waliovimbishwa miguu walipopewa vitu hivyo, uvimbe ulipungua. Kwa watu, majaribio ni machache bado. Wengine walipata nafuu ya magoti, wengine hawakuona tofauti. Tena mwani si mmoja, ni aina nyingi, na ukizidi unaweza kumvuruga mtu kwenye tezi la shingo, kwa sababu una iodini.

"Kwa hiyo ile ya kwanza labda ilikusaidia, labda ni vidonge, labda ni kuacha umande," akasema. "Siwezi kukudanganya ni ipi. Lakini mwani yenye kukufanya hivi, iko na shida. Acha kuikunywa. Na dawa hizi za presha usiruke hata siku moja."

"Pale Swima, ku mawe," Useni akauliza, "yale majani ya ziwa nayo ni mwani?"

"Ile ya ziwa letu? Baba, ile usiguse. Batu banafulia pale, banaoga pale. Unataka choléra? Na majani mengine ya maji iko na sumu yenyewe."

Yasmina hakuwa anawasikiliza tena. Alikuwa anahesabu moyoni mwake jambo lingine. "Basi ni Jafari," akasema polepole. "Njo yeye ameniletea kitu mubaya. Na Bushira iko karibu kuzaa."

Hapo Useni angesema. Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa. Lakini furaha ilimpanda kifuani, ya moto, ya aibu, akafunga mdomo ili isitoke.

Jafari alipofika kutoka Kigoma alikuta maneno yamemtangulia. Aliingia bila hodi ya utani. Yasmina alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu juu ya mto.

"Jafari, mi sikukuomba dawa. Weye mwenyewe uliniletea."

"Bibi yangu—"

"Usiniite vile. Leo hapana."

Useni alikuwa pembeni na wavu wake. Miaka yote alitamani kusikia maneno hayo, na sasa ameyasikia. Alishona tundu ambalo halikuwepo.

Jafari aliomba kuona mkebe. Akauchukua mpaka mlangoni penye mwanga, akachovya kidole, akaonja, akatema. Akamimina kidogo kwenye kiganja, akachambua kwa kucha. Katikati ya unga kulikuwa na gamba la konokono, dogo kama punje ya mtama, lenye mistari. Kila mtoto wa Baraka analijua. Anacheza nalo kwenye mchanga kabla hajajua kusema. Baharini halipo. Lilikuwa limepenya chekeche.

Jafari alitazama gamba. Halafu akatazama vidole vya Useni, ambavyo kwenye ncha, chini ya kucha, vilikuwa na kijani ambacho nyuzi za nyavu hazitoi. Wakaangaliana. Ng'ambo ya uzio redio ya Marie iliendelea kusema.

Jafari alifunga kiganja chake. Akarudi, akachuchumaa mbele ya Yasmina.

"Ni kosa yangu, dada," akasema. "Sikuangalia vizuri kule nilikoinunua. Unisamehe."

Dada. Alimwita dada, neno la heshima, lisilo na mchezo. Na Useni, aliyepaswa kushukuru Mungu mara nyingi kuliko alivyo na vidole, aliona ndani yake wivu unaamka mkubwa kuliko ule wa siku zote. Huyu mtu amebeba kosa langu! Amelibeba ili Yasmina asiumie moyoni. Kuanzia leo kutakuwa na siri baina yake na mke wangu, siri nzuri ambayo mke wangu haijui, na kila akimtazama atakuwa anamlinda. Anamlinda na nani? Na mimi. Alikuwa na boti, alikuwa na Kigoma, alikuwa na utani, alikuwa na magoti. Sasa anachukua hata kosa.

"Weka hiyo chini," akasema Useni.

"Nini?"

"Kosa yangu. Iweke chini. Si yako." Akaenda kwenye kibanda cha nyavu, akarudi na mfuko wa plastiki, akautupa mbele ya mkeka. "Ile ya Jafari ni hii. Ile ulikunywa nilitoa Swima ku mawe. Nilitia chumvi ya Uvinza ili ikuwe bahari."

Yasmina aliangalia mfuko. Akaangalia mkebe.

"Ulitia chumvi," akasema.

"Ndiyo."

"Ili ziwa ikuwe bahari."

"Ndiyo, Mama Bushira."

"Na pale kwa muganga ulinyamaza."

Yasmina hakupiga kelele. Alibaki amemtazama muda mrefu, na ilikuwa vibaya kuliko kelele, kwa sababu Useni hakuona hasira; aliona mtu anayempima upya, kama mtu anayenyoosha wavu kwenye mwanga kuona kama unafaa kushonwa.

"Nilitaka magoti ipone kwa mukono yangu," akasema.

"Nilijua uko na wivu," Yasmina akasema. "Sikujua unaweza kunikunywesha."

Jafari akakohoa. "Bibi yangu, hapa kuna faini. Kumusingizia muzala, hiyo iko na kuku yake. Ao mbuzi."

"Kuku hapana," akasema Yasmina. "Faini nitaisema mi mwenyewe, siku yake ikifika."

Siku za kati hazikuwa tamu. Yasmina alimeza vidonge vyake, alikula chakula kisicho na chumvi alichopika Marie, na miguu ikaanza kurudi katika ngozi yake. Kwa Useni alisema habari za maji na kuni tu. Marie alipoelezwa alicheka mpaka akaomba kiti. Baadaye aliona uso wa Yasmina, akaacha.

Habari ilikuja asubuhi kwa simu: Bushira amejifungua msichana, wote wazima. Dorothée alikuwa amesema Yasmina asitembee mbali bado, na barabara ya Swima kwa pikipiki ingemvunja. Boti ingefaa. Boti iliyokuwa inaondoka ilikuwa ya Jafari.

"Sasa faini," Yasmina akasema, kitenge kimefungwa, mfuko wa nguo ndogo mkononi.

Kwenye bichi ya Baraka boti hazifiki nchi kavu. Abiria wanabebwa mgongoni na vijana wa kazi hiyo, mpaka maji ya kiuno, wanawekwa ndani. Vijana walikuwepo, wenye mabega. Yasmina aliwapita wote.

"Weye njo utanibeba," akamwambia mumewe, mbele ya bichi nzima. "Unitie mu mikono ya Jafari. Na usiseme kitu."

Wavuvi wakaacha nyavu. Mmoja alipiga mluzi. "Baba Bushira, polepole, hiyo si ndagala." Mwingine akauliza kama kwa Useni bebo, kule kubebwa mgongoni, ni bure. Useni alikunja suruali, akainama, Yasmina akapanda. Alikuwa mzito kuliko alivyokumbuka, au yeye alikuwa amezeeka. Maji yalimfika magotini, mapajani, yakapanda baridi. Pumzi ya mke wake ilikuwa sikioni mwake.

"Ukitumbuka na mi mu maji, nitakaa Swima mwaka muzima," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumwambia jambo lisilo maji wala kuni. Useni alitaka kujibu, akakumbuka ameambiwa asiseme. Akasukuma miguu.

Jafari alikuwa ameinama kwenye ukingo, mikono yote miwili imenyooshwa, uso wake ukijizuia vibaya sana kucheka. "Leta, mulinzi wangu. Leta taratibu. Umefanya kazi muzuri."

Useni akageuka, akainua, na kwa dakika moja Yasmina alikuwa katikati yao, mikono minne imemshika. Halafu ikabaki miwili, na haikuwa ya kwake.

"Dawa yangu ya presha iko ndani ya mufuko?" Yasmina akauliza kutoka juu.

Useni akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameiweka mwenyewe.

"Ile maji ya kisima, uchemshe. Na uende kula kwa Marie. Nilishamuambia."

Injini ikawaka. Boti ikarudi nyuma, ikageuza pua kuelekea Swima. Vijana wa bichi wakarudi kwenye kazi zao. Useni alibaki ndani ya maji ya kiuno, suruali imelowa, tumbo lake likianza kugeuka kwa yale mawimbi ya boti, na hakutoka. Alikuwa amekinga macho kwa mkono, anatafuta kuona kama Yasmina amekaa mbele, au amekaa nyuma.

Alikuwa amekaa katikati, juu ya gunia, amewapa mgongo wote wawili.